Kigango Kwanza, Shamba Baadaye

Wakatoliki wengi wa mjini wanawaza kuhama. Wapo wanaokaribia kustaafu, ambao kiinua mgongo chao kinasubiriwa na nusu ya ukoo. Wapo wanandoa vijana waliochoka kulipa kodi ya nyumba ya miezi sita kwa mkupuo. Wapo pia wanaosukumwa na imani yenyewe, wanaotaka watoto wakue wakisikia kengele ya Malaika wa Bwana badala ya muziki wa baa ya jirani. Wote wanatafuta mahali pa shamba ambapo familia itakula inacholima, itakunywa maji yake na kusali bila kubughudhiwa. Na karibu wote huanza na swali lilelile: ekari moja ni shilingi ngapi? Nadhani swali hilo lingefaa kuwa la nne au la tano. La kwanza liwe hili: padre hufika kwenye kigango cha hapo mara ngapi, na mvua zikikolea je?

Naliweka mbele swali hilo kwa sababu ya jinsi imani yetu ilivyo. Familia yenye bidii inaweza kulima chakula chake, kufuga ng'ombe, kukinga maji ya mvua na kufyatua matofali ya nyumba yake. Haiwezi kujiadhimishia Misa. Baba hawezi kujiondolea dhambi, wala mama hawezi kumpa mgonjwa wake Mpako Mtakatifu. Hata ghala likijaa, Mkatoliki anabaki mhitaji mbele ya altare. Anamhitaji padre, na padre naye anahitaji barabara, mafuta ya pikipiki na watu wa kumlisha. Anayehamia shambani ili asimtegemee mtu yeyote ataligundua hilo mapema, pengine Jumapili ya kwanza. Kwa hiyo kuhama ni kuchagua utamtegemea nani, na kwa lipi.

Sheria ya Kanisa haiwaonei wanaoishi mbali. Kanuni ya 1247 inawadai waamini washiriki Misa kila Jumapili na sikukuu zilizoamriwa. Kanuni inayofuata inatambua hali halisi: padre akikosekana, au pakiwa na sababu nyingine nzito, waamini wanahimizwa wakusanyike kwa Liturujia ya Neno, au wasali kwa muda unaofaa, mtu binafsi, kifamilia au familia kadhaa pamoja. Basi anayeishi kilomita thelathini kutoka parokiani hatendi dhambi kwa kuishi huko. Hata hivyo naona tofauti kati ya aliyezaliwa huko na anayekwenda kwa hiari, fedha mkononi, akiwa na watoto wanaojiandaa kwa Komunyo ya kwanza. Huyu wa pili alipata nafasi ya kuchagua. Kuitumia vizuri ni sehemu ya wajibu wake kama mzazi.

Parokia ya kijijini huwa na vigango vingi, mara nyingi kumi na zaidi, na mapadre wawili au watatu wa kuvizungukia. Hesabu hiyo peke yake inaonyesha kwamba kigango cha mbali kitapata Misa mara moja kwa mwezi, na masika pengine chini ya hapo. Jumapili zilizobaki anayesimama mbele ya watu ni katekista. Ndiye anayefundisha watoto, anayeongoza maziko padre asipofika, na anayejua nyumba ipi ina mgonjwa. Mgeni anayetafuta mahali pa kuishi amwone huyu kabla ya kumwona dalali. Kwa mfano, Karema, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, palikuwa na Adrian Atiman, mtoto wa Afrika Magharibi aliyetekwa utumwani, akakombolewa na Mapadre Weupe, akasomea utabibu Malta. Alifika Karema mwishoni mwa miaka ya 1880, akawa katekista na tabibu hapo hadi alipofariki mwaka 1956. Kwa zaidi ya nusu karne, aliyeishi karibu na Karema alikuwa na mtu wa kumtibu na wa kumfundisha sala kwa pamoja. Hakuna rutuba ya udongo inayolingana na jirani wa namna hiyo.

Wazo la Wakatoliki kukaa pamoja shambani na kujitosheleza si geni kwetu. Mwaka 1868 Mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua misheni Bagamoyo, wakawakusanya watu waliokombolewa kutoka utumwani. Waliokua na kuoana walipewa nyumba na kipande cha kulima katika kijiji cha Kikristo. Palikuwa na mashamba, karakana na shule, na kengele ilipanga siku nzima. Kutoka Bagamoyo mpango huo ulipelekwa bara, Mhonda mwaka 1877 na kwingineko baadaye. Kwenye karatasi hakikukosekana kitu. Bado wengi waliondoka, wengine usiku, kwa sababu ardhi, saa za kazi na ruhusa ya kutoka vilikuwa mikononi mwa mapadre. Mtu aliyetoka kumilikiwa hakuwa tayari kupangiwa maisha tena, hata na watu wenye nia njema.

Linganisha na Kilimanjaro. Mapadre wa shirika hilohilo walipofika Kilema mwanzoni mwa miaka ya 1890, walikuta watu tayari wako kwenye vihamba vyao, yaani mashamba ya nyumbani, na migomba, na mifongo ya kuleta maji, na koo zao. Hawakumhamisha mtu. Kanisa lilijengwa katikati ya watu waliokwisha kujitosheleza kwa chakula, na wamisionari wakaongeza mbegu za kahawa, shule na zahanati. Imani ilishika huko kwa nguvu ambayo vijiji vya wakombolewa havikuipata. Ninachosoma katika historia hiyo ni kwamba uhusiano wa mtu na ardhi yake unatakiwa kuwa wake mwenyewe. Padre asiwe mwenye shamba.

Wabenediktini wa Mtakatifu Otilia walikuja na njia nyingine. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, katika sura ya 66, inataka monasteri ipangwe ili maji, kinu, bustani na karakana viwe ndani, mmonaki asilazimike kuzurura nje. Peramiho ilianzishwa mwaka 1898, ikateketezwa katika Vita vya Majimaji mwaka 1905, mwaka ambao askofu wao, Cassian Spiss, aliuawa, kisha ikajengwa upya na kuwa abasia mwaka 1931. Pale kuna hospitali, useremala, uhunzi na uchapaji. Ndanda, kusini mashariki, ilifuata nyayo hizo. Hanga ni monasteri ya wamonaki wa Kitanzania katika Ungoni, eneo lilelile la Peramiho, na mwaka 1979 wamonaki wa Hanga wakaanzisha Mvimwa huko Rukwa, mahali palipokuwa pori.

Familia inayokaa karibu na abasia inapata Misa ya kila siku, hospitali, fundi wa kweli, na mara nyingi mbegu bora na mitamba. Naipenda njia hii kuliko nyingine zote, lakini naiona pia hatari yake. Monasteri ni kubwa, kijiji ni kidogo, na kijiji kinaweza kujizoesha kuwa mteja wa monasteri: vibarua kwao, dawa kwao, umeme kwao, msaada wa njaa kwao. Miaka ikipita, waliokwenda kujitegemea wanakuwa watu wa kungoja mlangoni. Anayehamia Peramiho au Mvimwa aende akiwa na mipaka yake: sala na elimu achukue kwa mikono miwili, chakula atoe shambani kwake.

Ulaya na Marekani walijaribu pia, na matokeo yao yanatufundisha. Katika miaka ya 1920 na 1930 Mdominikani Vincent McNabb aliwahimiza Wakatoliki maskini wa Uingereza warudi kwenye ardhi, na vyama vya Wakatoliki vya ardhi vikaundwa Scotland na Uingereza kuwafunza vijana kilimo. Mtaji haukutosha na vuguvugu lilizimika ndani ya miaka michache. Marekani, kundi la Catholic Worker la Dorothy Day na Peter Maurin lilinunua shamba huko Easton, Pennsylvania, mwaka 1936. Nia ilikuwa njema sana, lakini kabla miaka ya 1940 haijaisha jumuiya hiyo ilikuwa imevunjika, na ugomvi baina ya wakazi ulichangia pakubwa. Kinachodumu zaidi ni cha aina nyingine: mwaka 1999 wamonaki kutoka Fontgombault, Ufaransa, walianzisha monasteri ya Clear Creek huko Oklahoma, na familia zikaanza kununua mashamba kuizunguka, kila moja kwa jina lake na kwa gharama yake. Wamonaki hawakuwa mameneja wao. Walikuwa na sala yao, na sala hiyo ikawavuta watu.

Sisi tuna somo jingine ambalo wenzetu hawana. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliweka neno kujitegemea katika kinywa cha kila Mtanzania, na Mwalimu Nyerere, Mkatoliki wa sala, aliandika mwaka huohuo kwamba vijiji vya ujamaa viundwe kwa hiari. Kufikia mwaka 1974 hiari ilikuwa imetoweka na mamilioni ya watu walihamishwa katika Operesheni Vijiji. Nia ya kuwasogeza watu karibu na shule, zahanati na bomba la maji ilikuwa na maana. Kilichopotea ni ukaribu na shamba. Mkulima aliyekuwa akilala penye migomba yake alijikuta akitembea saa nzima kwenda kulima, na nguruwe pori na nyani wakivuna kabla yake. Mvutano huo bado upo na hauna dawa kamili. Ukikaa karibu na kanisa, shule na barabara, ardhi ni ndogo na ghali. Ukikaa penye ardhi, kila kingine kiko mbali. Kila eneo linalotajwa na Wakatoliki wanaotaka kuhama linautatua mvutano huo kwa namna yake.

Kilimanjaro limeshautatua, kwa bei ya kutokuwa na nafasi. Kihamba kinaweka nyumba, migomba, kahawa, mboga, mbuzi na ng'ombe wa ndani mahali pamoja, na parokia haiko mbali. Hakuna mpangilio wa Kiafrika ninaouheshimu zaidi. Lakini kihamba cha kawaida hakifiki ekari mbili, hugawanywa kwa wana wa kiume kizazi hata kizazi, na ndani yake kuna makaburi ya ukoo. Mgeni hakinunui, na akipata wa kumuuzia, awe na wasiwasi. Bukoba inafanana kwa mpango: kibanja chenye migomba na kahawa, na rweya, nyika ya majani inayokizunguka. Mvua si tatizo huko. Tatizo ni kwamba kibanja kinaishi kwa samadi na matandazo, na familia isiyo na ng'ombe inakula rutuba iliyowekwa na mababu. Mnyauko wa migomba nao, tangu ulipoingia Kagera katika miaka ya 2000, umeonyesha hatari ya kutegemea zao moja mezani.

Kusini magharibi ndiko ninakoona nafasi. Milima ya Umatengo, wilayani Mbinga, ina kilimo cha ngoro: majani yanapangwa kwa miraba juu ya mteremko, udongo unafunikwa juu yake, na vishimo vinavyobaki katikati vinashika maji na kuzuia mmomonyoko. Watu wamelima miteremko mikali hivyo kwa zaidi ya karne moja bila kuiua ardhi. Milimani kwenyewe kumejaa, lakini mabonde ya chini na uwanda unaoelekea Songea bado vina nafasi. Ufipa, huko Rukwa, nako Ukatoliki umejaa hadi vijiji vya ndani, na Wafipa wana ntumba zao, matuta ya duara yanayofukia majani yaoze kuwa mbolea kabla ya kupanda. Mahindi na maharage hustawi. Upungufu wake ni umbali kutoka kila soko kubwa, ingawa kwa mtu anayetaka kula kwanza na kuuza baadaye, upungufu huo unapungua uzito. Ndanda na Masasi ni joto, mvua yake haitabiriki kama ya nyanda za juu, na anayekwenda huko aende na mihogo, mbaazi na korosho badala ya ndoto za mahindi.

Tofauti moja kati ya kaskazini na kusini huamua maisha kuliko watu wanavyodhani. Kilimanjaro na Kagera wana misimu miwili, masika na vuli. Songea, Mbinga na Sumbawanga wana msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Kwa mwenye misimu miwili, kosa la Machi linaweza kurekebishwa Oktoba. Kwa mwenye msimu mmoja, ghala na tangi vinabeba mwaka mzima.

Tuipige hesabu, maana wengi huhama bila kuipiga. Chukua familia ya watu sita yenye ng'ombe mmoja wa maziwa. Kila mtu atumie lita 20 kwa siku, ambacho ni kiwango cha chini cha heshima. Hizo ni 120. Ng'ombe anayekamuliwa anywe lita 60. Jumla ni lita 180, yaani ndoo tisa kila siku. Kiangazi cha Songea ni siku kama 200, kwa hiyo zinahitajika lita 36,000 kabla ya tone la kwanza la Novemba. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Paa la mita za mraba 60, kwenye mvua ya milimita 1,000, linapokea lita 60,000 kwa mwaka, na hata moja ya tano ikimwagika zinabaki 48,000. Maji yapo. Pa kuyaweka ndipo hapapo: lita 36,000 ni matangi saba ya lita elfu tano, na la nane liwe na kidogo. Familia ya kawaida hainunui matangi hayo mwaka wa kwanza, wala wa pili. Kwa hiyo chemchemi ya kudumu au kisima kisichokauka kina thamani kuliko ekari tano za nyongeza, na njia ya kukijua ni kwenda kukitazama Oktoba. Shamba lililotembelewa Aprili tu, majani yakiwa kijani, halijatembelewa. Na mwenye kuangalia barabara ya kwenda kanisani aende Machi.

Nafaka nayo ina hesabu yake. Mtu mzima anayekula ugali mara mbili kwa siku anamaliza karibu nusu kilo ya mahindi, yaani kilo 180 kwa mwaka. Watu sita, hata wengine wakiwa watoto, watahitaji magunia tisa au kumi ya kilo mia. Ekari isiyo na mbolea hutoa matano hadi manane. Yenye mbolea na mbegu nzuri, nyanda za juu, inaweza kutoa kumi na tano. Ekari mbili za mahindi, moja ya maharage na karanga, na robo ya mboga na matunda karibu na nyumba vinatosha tumbo. Adui ni ghalani. Dumuzi, mdudu aliyeingia kutoka Amerika ya Kati na kuonekana kwanza Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970, anageuza gunia kuwa unga mchafu kwa miezi michache. Mifuko ya kinga njaa, inayozibwa isipitishe hewa, inamuua bila sumu. Kuku wa kienyeji nao wapigwe chanjo ya mdondo kila baada ya miezi mitatu, tone jichoni, kwa sababu mdondo ukipita hauachi jogoo wa kuamsha watu. Na mwenye kufuga nguruwe ajue kwamba homa ya nguruwe ya Afrika haina dawa. Kinga ni banda lililofungwa na mgeni asiyeingia na viatu vyake.

Hakuna shamba linalozalisha chumvi, mbolea ya dukani, nauli ya hospitali au ada. Shule za msingi na sekondari za serikali, hadi kidato cha nne, hazina ada tangu mwaka 2016, lakini sare, madaftari na michango vipo, na anayetaka seminari au shule ya masista atalipa. Zaka na michango ya parokia pia ni fedha. Ndiyo maana simshauri mtu ahame bila zao moja la kuuza ambalo halishindani na chakula kwa kazi: kahawa Mbinga, korosho Ndanda, alizeti Rukwa, parachichi Njombe. Kahawa huchukua kama miaka mitatu kabla ya kuvunwa. Miaka hiyo inahitaji akiba, na akiba hiyo ndiyo watu huitumia yote kununulia ardhi kubwa.

Tukifika kwenye ardhi, Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka 1999, inaipa halmashauri ya kijiji usimamizi, lakini halmashauri haigawi ardhi bila mkutano mkuu wa kijiji kuridhia. Karatasi iliyosainiwa na mwenyekiti peke yake chini ya mwembe haitoshi. Hati ya hakimiliki ya kimila inatambulika kisheria na inaweza kutolewa bila kikomo cha muda. Naongeza jambo ambalo sheria haiwezi kuandika: mkutano mkuu wa kijiji unakukubali au kukukataa kama mtu, na katekista, mwenyekiti wa jumuiya na bibi aliyeuza mkaa miaka thelathini wote wamekaa humo.

Jumuiya ndogo ndogo ya Kikristo ndiyo mpaka wa kweli wa mahali pa kuishi. Maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu wa Afrika Mashariki, waliifanya kuwa kipaumbele cha kichungaji katika miaka ya 1970, na leo hata mjini Mkatoliki anajua kwamba ubatizo wa mtoto na ndoa hupitia barua ya jumuiya. Shambani jumuiya hufanya kazi nyingi zaidi. Nyumba kumi au kumi na tano zinazosali pamoja katikati ya juma ndizo zitakazojua kwamba hukuonekana, zitakazombeba mgonjwa hadi barabarani, zitakazochimba kaburi. Familia inayonunua ekari ishirini kisha ikajenga katikati yake, mbali na kila mtu, imejinunulia upweke. Ni afadhali ekari nne penye njia ya jumuiya. Tena jumuiya hiyo iwe kati ya watu wote. Sioni faida ya kutafuta kijiji cha Wakatoliki watupu. Lindi na Mtwara jirani atakuwa Mwislamu, Njombe Mlutheri, Mbeya Mmoraviani, na siku ya msiba wote wanashika jembe. Upareni msaragambo, kazi ya pamoja ya kuchimba mfereji, haukuwahi kumuuliza mtu dini yake.

Suala la wanawake linapitiwa haraka mno katika mipango hii. Mume anasema tunahamia shamba. Anayechota ndoo tisa ni mke. Anayepika kwa kuni, anayepalilia na mtoto mgongoni, anayetembea kwenda kliniki akiwa mjamzito, ni yeye. Nimesikia wanaume wakisifu unyenyekevu wa Nazareti huku kisima kikiwa kilomita mbili bondeni. Kwa maoni yangu sauti ya mke ndiyo iamue mahali pa maji na mahali pa nyumba, na akisema hapana kwa sababu zahanati iko mbali, basi shamba hilo halifai. Kanisa linafundisha kwamba wawili wamekuwa mwili mmoja. Mwili mmoja hauwezi kupumzika nusu na nusu nyingine ikabeba maji.

Kuna zawadi moja ya maisha haya ambayo mjini haipatikani, nayo ni kuona mwaka wa Kanisa na mwaka wa shamba vikikutana. Nyanda za juu za kusini, Majilio na Noeli huangukia msimu wa kupanda. Kwaresima huja maghala yakiwa yamepungua na magugu yamepanda, kwa hiyo mfungo unashika mwili kweli, na yule mwenye akiba anamwona asiye nayo mlango wa pili. Ndipo sadaka ya Kwaresima inapata uso. Pasaka inafika na mahindi mabichi shambani, watoto wakiyachoma jioni. Mavuno ya Juni na Julai huleta sadaka ya mavuno altareni, debe la mahindi, mkungu, jogoo aliyefungwa miguu. Jumapili yenyewe inakuwa na ugumu wake, kwa kuwa ndege hawaachi mpunga kwa sababu ni Jumapili, na ng'ombe lazima akamuliwe. Kukamua na kuwinga ndege ni lazima. Kulima ekari mpya siku hiyo si lazima, na kijiji kinachojua tofauti hiyo hulea watoto vizuri.

Nimezungumza kama vile kila anayetaka kuhama ana fedha za kununua. Wengi hawana, na hao ndio vijana wanaoufaa mpango huu zaidi: wana wa vihamba vilivyokwisha kugawanywa, madereva wa bodaboda waliokulia kwenye kilimo, wanandoa wapya wenye nguvu bila ardhi. Majimbo na mashirika mengi ya kitawa yana ardhi iliyopatikana enzi za misheni, na si yote inayolimwa. Sehemu yake, ile iliyo karibu na parokia, ingeweza kukodishwa kwa familia kama hizo, ekari nne au tano kila moja, kwa miaka kumi, kodi ikilipwa kwa mavuno baada ya mwaka wa pili. Katika miaka hiyo wangejifunza kutoka kwa mabruda na wazee wa kijiji, wangeweka akiba ya kahawa, kisha wangenunua chao na kuwaachia wengine. Mapadre wasiwe wasimamizi wa saa zao. Mkataba uandikwe kwa Kiswahili na usainiwe na mume na mke wote wawili, na miti yote watakayopanda ihesabiwe kuwa mali yao, walipwe thamani yake siku wakiondoka.